Jiografia ya maumbile kwa simu na bando dogo: tovuti ipi ikusaidie nini

Mwanafunzi wa sekondari anayetafuta msaada mtandaoni kuhusu volkano, matetemeko, miamba au mmomonyoko hatakosa pa kwenda. Vitu vimejaa. Tatizo ni kwamba ukiandika mada yoyote kati ya hizo, kinachotangulia huwa ni video ya Mmarekani anayeeleza ufa wa San Andreas wa California, ilhali wewe unaishi jirani na Bonde la Ufa, mtihani wako unatungwa na NECTA ya Tanzania au KNEC ya Kenya, na bando lako ni la siku tatu.

Vyanzo vyote ninavyovilinganisha hapa unaweza kuvitumia bila kulipa. Nimevipima kwa mambo matatu: vinakula bando kiasi gani, vinafuata muhtasari wa nani, na vinakuachia kazi gani ya kufanya mwenyewe. Hilo la tatu ndilo nililolipa uzito zaidi, na ndilo lililoyashusha baadhi ya majina makubwa.

Kitabu cha kusoma: TET au CK-12

Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, Jiografia ikiwemo. Unajisajili, unachagua kidato, unasoma. Faida yake iko wazi: mpangilio wa mada ni ule ule wa darasani, na maneno ni yale yale utakayokutana nayo kwenye karatasi ya mtihani. Kama shuleni kwenu kitabu kimoja kinasomwa na watu sita, hapo shida imeisha. Upande wa Kenya, KICD, taasisi ya mitaala ya huko, wana jukwaa lao, Kenya Education Cloud, linalofanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa mtaala wao.

CK-12 ni shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 2007, na kitabu chao cha sayansi ya dunia kwa sekondari ni kizima, kuanzia madini mpaka angahewa. Unaweza kukishusha kama PDF ukaenda kukisoma kijijini kusiko na mtandao. Kwenye kueleza sababu kiko vizuri sana. Kwa nini magma yenye silika nyingi ni nzito kama gundi na hulipuka, na yenye silika kidogo hutiririka tu kama ya Hawaii? Watakupitisha hatua kwa hatua, na mwisho wa kila sehemu kuna maswali. Ila mifano yao ni Yellowstone na Mlima St. Helens, na hutapata humo upimaji ardhi wala usomaji wa picha, mambo ambayo karatasi zetu zinayauliza kila mara.

Kwa hiyo TET iwe kitabu chako, na CK-12 uiendee kwa zile mada mbili tatu zilizogoma kuingia kichwani. Ukifanya kinyume chake utajua mengi kuhusu California na utashangazwa na swali la tatu la mtihani.

Video, au igizo la kuchezea mwenyewe

Khan Academy wana masomo ya mabamba, yaani vipande vikubwa vinavyounda gamba la dunia, na mawimbi ya matetemeko. Mwalimu anachora kwenye ubao mweusi huku akizungumza taratibu, hivyo hata ukishusha ubora wa picha hadi chini kabisa hupotezi kitu. EarthScope, shirika lililopatikana mwaka 2023 baada ya IRIS na UNAVCO kuungana, wana katuni fupi zilizotengenezwa na wanasayansi wa matetemeko wenyewe, na kati ya hao wawili ningechagua hawa. Tazama wanavyoeleza ukanda wa kivuli: mawimbi ya tetemeko ya aina ya S hayapiti kabisa kwenye kiini cha nje cha dunia kwa sababu ni kimiminika, na ya aina ya P yanapinda kiasi kwamba kati ya nyuzi 104 na 140 kutoka kitovu cha tetemeko hayasikiki moja kwa moja. Jambo hilo likiandikwa kwenye notsi linachosha. Likionyeshwa mawimbi yakitembea ndani ya dunia, unalielewa mara moja.

Hata hivyo, kwa maoni yangu video zinasifiwa kupita kiasi. Mtu anatazama dakika kumi, anatikisa kichwa kila hatua, kisha ukimpa karatasi achore mipaka mitatu ya mabamba anachora miwili, na mishale imegeuzwa. Video haikudai chochote, na wewe hukuipa chochote.

Maigizo ya kompyuta, yaani programu za kuchezea zinazoiga jambo halisi, yanadai. PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, ndio wanaojulikana zaidi, na baadhi ya maigizo yao yana tafsiri ya Kiswahili. Mengi yao unaweza kuyashusha kama faili moja ukayafungua bila mtandao. Kwa mwanafunzi wa fizikia au kemia ningesema usitafute kwingine. Kwa Jiografia chaguo ni finyu: kuna la athari ya gesijoto, ambalo ni zuri sana, kuna la mabamba na la barafu ya milimani. Haya mawili ya mwisho yalitengenezwa awali kwa Java, kwa hiyo yafungue kwanza kwenye kifaa ulichonacho kabla hujayapangia muda.

Mshindani wake ambaye wengi hawamjui ni Seismic Explorer ya Concord Consortium. Hili ni ramani ya dunia inayoonyesha matetemeko halisi, kila tetemeko ni nukta, rangi ikionyesha kina na ukubwa wa nukta ukionyesha nguvu. Kazi inaanza unapochora mstari wa kukata gamba la dunia na kulitazama kwa ubavu. Ukate Chile kwanza, kutoka Pasifiki kuelekea Argentina. Nukta zinaanza juu baharini, kisha zinashuka kwa mteremko kadiri unavyokwenda mashariki, hadi kina cha zaidi ya kilomita 500. Mteremko huo ndio bamba la bahari linalozama chini ya bara. Rudi Afrika, ukate kuanzia Kongo hadi pwani ya Kenya. Hakuna mteremko; nukta zimebaki juu, nyingi hazivuki kilomita 40. Hapo umeona kwa macho yako tofauti ya bamba linalozama na bara linalovutwa pande mbili, na hakuna aliyekuhubiria.

Kati ya PhET na Seismic Explorer, kwa somo hili, sisiti: la pili.

Takwimu halisi: USGS na Smithsonian

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wanafunzi wengi hawafiki kwa sababu tovuti zenyewe zinaonekana kama za wataalamu.

USGS, idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, inaweka matetemeko ya dunia nzima kwenye ramani dakika chache baada ya kutokea. Watu huishia kwenye ramani hiyo. Kitu cha maana ni orodha yao ya kutafutia ya miaka iliyopita. Ifungue, chagua kuchora eneo lako mwenyewe, na uweke latitudo kuanzia 5 hadi -12, longitudo kuanzia 28 hadi 42. Angalia ile alama ya kutoa: ukiisahau kwenye 12, umehamia Sudan Kusini na Ethiopia. Ukubwa weka kuanzia 4.5, tarehe kuanzia 1990, kisha tafuta.

Utakachokiona ni msururu wa nukta kando ya Ziwa Albert, Kivu, Tanganyika, Rukwa hadi Nyasa. Hilo ni tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Tawi la mashariki, la Turkana, Naivasha, Natron na Manyara, lina nukta chache. Humo utalikuta tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, ukubwa 6.8. Utalikuta la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9, kina kilomita 40, lililobomoa nyumba Bukoba na kuua watu. Na upande wa mashariki utalikuta la Julai 2007 karibu na Mlima Gelai, nalo 5.9, lililosikika hadi Nairobi. Ukirudisha tarehe nyuma hadi mwaka 1910, litatokea la Rukwa la Desemba mwaka huo, kubwa kuliko yote ya karne ya 20 katika ufa huu.

Sasa nenda Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti ya Marekani, kwenye mradi wao wa volkano za dunia, ambako kila volkano iliyohai katika miaka kama 12,000 iliyopita ina ukurasa wake. Tafuta Tanzania na Kenya, kisha majirani wa magharibi. Picha inageuka. Volkano zimejipanga upande ule ule wa mashariki ulioonekana mtulivu: Longonot, Menengai, Ol Doinyo Lengai, Meru, Kilimanjaro. Magharibi zimekusanyika sehemu chache tu, kama Virunga, magharibi mwa Uganda na eneo la Rungwe. Tawi moja linatetemeka zaidi, jingine lina volkano zaidi. Ukiandika hivyo kwenye insha ya Bonde la Ufa, ukataja mfano mmoja mmoja wenye mwaka, msahihishaji atajua huyu hakukariri.

Kurasa zenyewe za Smithsonian zinasomeka kama shajara ya mlima. Ya Meru itakuambia mlipuko wa mwisho unaojulikana ni wa 1910, jambo ambalo watu wengi wa Arusha hawalijui. Ya Lengai ni ndefu, kwa sababu ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa leo lava ya kaboneti yenye magadi, ya nyuzijoto kama 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Inatoka nyeusi, na ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Wageni wakiutazama mlima kwa mbali hudhani kileleni kuna theluji.

Udhaifu wao? USGS inanasa vizuri matetemeko ya kuanzia 4.5 popote duniani, lakini madogo ya Afrika mengi hayamo, kwa sababu vituo vya kupimia huku ni vichache. Kwa hiyo eneo lisilo na nukta usiseme halitetemeki. Smithsonian kwa upande wake ni maandishi tupu ya Kiingereza kigumu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza atachoka ukurasa wa kwanza. Kwa bando, zote mbili ni nafuu mno ukilinganisha na video. Orodha ya USGS unaweza kuishusha kama faili la CSV, ambalo ni maandishi na namba tu, ukalifungua kwenye Excel na kuchora grafu ya matetemeko kwa mwaka. Mada ya takwimu hiyo, umeifanya kwa data ya kwenu.

Ukilazimika kuchagua moja, chukua USGS. Ya Smithsonian utaifungua ukiwa na mlima maalumu kichwani.

Kuitazama ardhi kutoka juu

Google Earth kila mtu anaijua, na wengi wameitumia kutafuta paa la nyumba yao wakaishia hapo. Kwa mwanafunzi, toleo la Pro la kwenye kompyuta ndilo lenye faida, na limekuwa la bure tangu 2015. Chora mstari kutoka kilele cha Lengai hadi Ziwa Natron, kisha uiambie ikuonyeshe mwinuko kando ya mstari huo. Unapata mchoro wa mkato: unaanza mita 2,962 na kuteremka hadi kama mita 600 pale ziwani.

Utaona mlima umechongoka kuliko kawaida. Programu imekuza kimo ili kionekane, na jambo hilo hilo ndilo linaloulizwa kwenye swali la ramani. Kwenye ramani ya 1:50,000, ukitumia sentimita moja kwa mita 50 kwenda juu, skeli yako ya wima ni 1:5,000, na ukuzaji wa wima ni 50,000 gawanya kwa 5,000, yaani mara 10. Wanaokosea swali hili mara nyingi wamesahau kugeuza mita kuwa sentimita. Fanya mikato michache ya milima unayoijua, piga hesabu mwenyewe, na swali hilo halitakusumbua tena.

Copernicus Browser ya Ulaya ni kitu kingine. Picha zake za satelaiti za Sentinel-2 hazina undani wa Google. Nukta moja ni mita 10, kwa hiyo nyumba huioni vizuri. Lakini ni picha zenye tarehe, mpya kila baada ya siku chache. Maporomoko ya tope ya Mlima Hanang ya Desemba 2023, yaliyofukia sehemu ya mji mdogo wa Katesh, unaweza kuyatafuta humo: chukua picha ya kabla, chukua ya baada, ufuate njia ambayo tope lilishukia kutoka mlimani. Mawingu ya Desemba yatakusumbua, jaribu tarehe kadhaa. Kwa mada ya mporomoko wa ardhi sijaona mfano unaoushinda huu kwa msomaji wa Tanzania.

Zote mbili zinakula bando bila huruma. Hizi ni za kompyuta ya shule, au Wi-Fi ya mtu.

Kujiandaa na mtihani

Shule Direct, jukwaa la Kitanzania lililoanzishwa 2013, lina notsi na maswali ya kujipima kwa vidato vya kwanza hadi vya nne. Ni jepesi, linafunguka kwenye simu ya kawaida, na lugha yake ni ya mwalimu wa hapa. Hakikisha tu notsi unazosoma zinalingana na muhtasari wa darasa lako, maana mtaala mpya umekuwa ukiingia madarasani kwa awamu tangu 2024.

Lakini kitu ambacho ningependa kila mwanafunzi wa kidato cha nne na cha sita akisome kiko kwenye tovuti ya NECTA yenyewe: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kila somo lina yake, Jiografia ikiwemo, kwa PDF. Swali kwa swali wanakuambia asilimia ngapi walifanya vizuri, wengine walikosea wapi, na wanaweka picha ya jibu lililoandikwa kwa mkono na mtahiniwa aliyepata, kisha la aliyekosa. Unamwona mtu aliyeulizwa kuhusu hali ya hewa kuvunja miamba akaandika habari za mmomonyoko ukurasa mzima. Wengi hukimbilia kununua vitabu vya mitihani iliyopita vyenye majibu yaliyotungwa na mtu asiyejulikana, na hii ya bure, iliyoandikwa na wanaosahihisha, imelala pale.

Kwa hiyo: Shule Direct kwa kurudia mada kila wiki, taarifa za NECTA kuanzia miezi sita kabla ya mtihani. Kwa kidato cha tano na cha sita, karatasi ya kwanza ya Jiografia ndiyo yenye mambo ya maumbile na vitendo, na huko Shule Direct haikufikishi. Tegemea TET, USGS na uchambuzi.

Vidogo vidogo

Macrostrat ya Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison ina ramani ya jiolojia ya dunia nzima: unagusa mahali, inakuambia miamba na umri wake. Kwa Marekani ni hazina. Kwa kwetu undani ni mdogo. Inafaa kujua tu kwamba miamba ya kati ya Tanzania ni ya kale kupindukia. Wikipedia ya Kiswahili itumie kupata majina na takwimu za haraka za milima na maziwa, ukizithibitisha kwingine. Roboti za gumzo zinaeleza dhana vizuri, ila ukiziuliza tarehe na kina cha tetemeko zinaweza kukujibu kwa ujasiri namba isiyokuwepo; USGS iko pale, angalia. Na miamba yenyewe hakuna tovuti inayokufundisha kuitambua. Kaokote mawe.

Nani achukue nini

Kidato cha kwanza na cha pili: kitabu cha TET, Shule Direct, na katuni za EarthScope mwisho wa wiki. Msiwarundikie zaidi ya hapo.

Kidato cha tatu: ongeza Seismic Explorer na zoezi la USGS nililoeleza. Likizo moja inatosha kabisa.

Kidato cha nne: punguza video zote, hata zile nzuri. TET, uchambuzi wa NECTA, na mikato ya Google Earth ukipata kompyuta. Mwanafunzi wa Kenya wa KCSE afanye vivyo hivyo kwa karatasi ya kwanza, 312/1, akitumia mitihani ya KNEC badala ya uchambuzi wa NECTA.

Mwalimu mwenye kompyuta moja na projekta: kabla ya kipindi, shusha CSV ya USGS na picha mbili za Hanang ukiwa kwenye mtandao, uzihifadhi. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu, kwa hiyo wasipoviona kwako wataviona wakifunga shule. Ukiweza, wachapishie orodha ya matetemeko ishirini yenye latitudo, longitudo na kina, uwape ramani tupu ya Afrika Mashariki, waweke nukta wenyewe kwa kalamu. Kipindi cha dakika 80 kinatosha, na bando limetumika mara moja tu.